Amri na Tasfida: Lugha ya Serikali za Kenya na Tanzania Wakati wa Korona

Janga la korona lilipoingia Afrika Mashariki mwezi Machi 2020, Kenya na Tanzania zilianza kwa mwendo mmoja. Kenya ilitangaza kisa cha kwanza tarehe 13, Tanzania tarehe 16, na shule za nchi zote mbili zikafungwa. Makala haya yanachunguza zilivyoachana baada ya hapo, hususan katika lugha.

Serikali ya Kenya ilizungumza kwa takwimu na amri. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisoma idadi ya sampuli, ya walioambukizwa na ya waliofariki. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Msamiati ulikuwa wa kipolisi, na polisi waliutekeleza kwa ukatili. Mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Neno karantini, ambalo kitabibu ni kinga, liligeuka adhabu pale waliovunja kafyu walipopelekwa huko. Haishangazi kwamba wapo walioihofu karantini kuliko virusi vyenyewe.

Nchini Tanzania, Rais John Magufuli alitumia lugha ya faraja. Alitangaza siku tatu za maombi mwezi Aprili 2020, akahimiza kujifukiza na kuchapa kazi. Ikumbukwe kwamba hoja ya kazi ilikuwa na uzito kwa mtu anayekula alichokipata siku hiyohiyo. Hata hivyo, mwezi Mei, baada ya Rais kudai kwamba sampuli za mbuzi na papai zilionyesha maambukizi, takwimu zilikoma zikiwa visa 509 na vifo 21.

Palipokosekana takwimu pakazuka tasfida. Mwanzoni mwa 2021 tanzia zilitaja "changamoto ya upumuaji". Changamoto ni neno la semina; upumuaji ni nomino isiyo na mtendaji wala ugonjwa. Tasfida katika Kiswahili kwa kawaida humsitiri mfiwa. Hii ilimsitiri nani?

Mimi ni mzaliwa wa Taveta, na shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka. Alipofariki Februari 2021, ujumbe wa msiba ulikuwa na maneno hayohayo mawili. Baba aliusoma mara mbili, kisha akaniuliza mimi, msomi wa Kiswahili, huo ni ugonjwa gani. Hakuwa akitaka fasili. Alitaka kujua kama mamangu, mwenye pumu, aende mazikoni. Sikuwa na jibu.

Mwezi huohuo alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba aliugua korona. Kwa maoni yangu, tangazo hilo fupi lilikuwa na manufaa ya kiafya kuliko hotuba nyingi za upande wowote wa mpaka.

Magufuli aliaga dunia tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwezi uliofuata, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani. Taarifa rasmi zikautaja ugonjwa kwa akronimu, UVIKO-19, iliyoundwa kwa mtindo wa UKIMWI. Akronimu hiyo haikushika mizizi Kenya. Barakoa, kinyume chake, ilivuka mpaka bila kuulizwa cheti.