Damu Inapoganda Ndani ya Mapafu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Korona iliingia katika inchi yetu mwezi wa tatu 2020. Wote tunajua kwamba inaleta homa na kikohozi. Lakini inaweza pia kugandisha damu, na hilo linaua upesi.

Namna gani? Korona inaumiza mishipa ya damu kwa ndani, tena mgonjwa analala siku nyingi bila kutembea. Bonge la damu linafanyika, mara nyingi mguuni. Likikatika, linapanda mpaka moyoni, na moyo unalisukuma mapafuni. Pengine linafanyika mapafuni kwenyewe. Hapo hewa inaingia, lakini damu haipiti kuichukua.

Angalia dalili hizi:
– pumzi inakatika kwa ghafula;
– kifua kinachoma ukivuta hewa;
– moyo unapiga mbio, au mtu anazimia;
– anakohoa damu;
– mguu mmoja umevimba na unauma.

Usiseme: «Ni vumbi la mgodi tu», ao: «Ni uchovu wa kazi». Mganga mwenyewe hawezi kujua kwa macho, kwa sababu korona peke yake inakata pumzi vilevile. Kwa hiyo anapima:

1. Kidole. Chombo kidogo kinaonyesha hewa iliyo katika damu. Chini ya 90 ni hatari kubwa. Lakini namba nzuri haitoshi kusema hakuna bonge.

2. Damu. Kipimo cha D-dimeri kikiwa chini, na dalili ni chache, mganga anaweza kuondoa mashaka. Kikiwa juu hakihakikishi kitu: korona yenyewe inakipandisha.

3. Ekografia ya miguu. Inaonyesha bonge lililo mguuni.

4. Skaneri ya kifua. Wanapiga sindano ya dawa inayoonyesha mishipa, na bonge linaonekana. Radio ya kawaida haiwezi. Mbele ya sindano, sema kama una mimba, ugonjwa wa figo, ao kama dawa hiyo ilikwisha kukudhuru.

Bonge likipatikana, utapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 3 ao zaidi. Usiiache bila ruhusa ya mganga. Usiinunue sokoni: inaweza kukutosha damu nyingi.

Hatari haiishi siku homa inapoisha. Inaweza kuendelea miezi. Basi, ukirudi kazini na pumzi ikakatika, acha kazi, ita kapita, nenda hospitali siku ile ile. Mama, usingoje kesho asubuhi.