SOMO: TAA ZA LORI ZISIZOELEKEZWA SAWA



Chai tunayochuma Uganda, Rwanda na Burundi husafiri kwa lori mamia ya kilomita hadi mnada wa Mombasa, na sehemu ya safari hiyo ni usiku. Leo tujifunze jambo linalomhusu dereva, utingo na mpakiaji: taa za mbele zisizoelekezwa sawa.

Kasoro ni za aina mbili. Taa ikielekea chini mno, dereva haoni mbali. Taa iliyo sentimita 80 kutoka ardhini, ikishuka sentimita 4 kwa kila mita, mwanga wake hufika mita 20 tu. Lori linalokwenda kilomita 72 kwa saa humaliza mita 20 kwa sekunde moja. Mwenye baiskeli ataonekana wakati breki haifai kitu tena. Taa ikielekea juu, humpofusha anayekuja mbele, hata ukiwa umepiga dimu.

Shehena nayo hubadili taa. Mzigo ukijazwa nyuma, mkia hulala, pua huinuka, na taa huinuka pamoja nayo. Kwa hiyo tupime baada ya kupakia:

1. Jaza matairi upepo wa kutosha. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani.
2. Pima kimo cha katikati ya kila taa, ukiweke ukutani kwa chaki.
3. Washa dimu. Kwa gari dogo, ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama. Lori lenye taa za juu huhitaji zaidi; fuata kipimo kilichoandikwa karibu na taa au katika kitabu cha gari.
4. Kama kuna kitufe cha kushusha taa, kitumie kwanza. La sivyo, fundi ageuze skrubu.

Mpakani kuna hatari nyingine. Uganda, Kenya na Tanzania tunapita kushoto. Rwanda na Burundi hupita kulia. Dimu nyingi huinua mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara. Ukivuka Katuna, mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Badilisha kwa swichi ya taa, au funika sehemu hiyo kwa utepe kama kitabu kinavyoelekeza, na uubandue wakati wa kurudi.

Je, nani alipe? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinamlinda anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kuamini kuwa maisha yake yako hatarini. Tangu Juni 2022 mkataba huo ni mmoja wa mikataba ya msingi.

Basi tuandike kasoro katika daftari la gari kabla ya safari, na mjumbe wa chama apewe nakala. Dereva asiachwe adai peke yake, kwa maana ajali haimchagui aliyeshika usukani.