Mzee Anapofika Zahanati, Apimwe Nini?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee nchini Tanzania kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Hospitali na vituo vingi vya afya vimemwekea dirisha lake, na mabango ukutani yanawaomba wagonjwa wengine wampishe. Ni jambo jema. Lakini kuwahi kumwona tabibu ni nusu tu ya huduma; kilichobaki ni yale atakayoulizwa na kupimwa akishaketi.

Mara nyingi mzee hutaja shida moja: magoti, mgongo au kizunguzungu. Nyingine hazisemi, ama kwa haya, kama kushindwa kuzuia mkojo, ama kwa kuamini kuwa ndivyo uzee ulivyo. Nasi wanafamilia huamini hivyo hivyo. Kuanguka, kukonda na kujitenga vina sababu, na nyingi zinatibika. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au sukari iliyoshuka, hata kama mwili hauchemki. Awahishwe kituoni siku hiyo hiyo.

Mambo sita

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa huduma za msingi unataka mzee aangaliwe kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia na hali ya hisia zake. Vipimo vya mwanzo vinawezekana hata katika zahanati ya kijijini.

Kwa mwendo, mzee huketi kwenye kiti imara, hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara tano bila kujishikiza. Mtu asimame karibu naye asije akaanguka. Akizidisha sekunde 14, miguu imepungua nguvu na achunguzwe zaidi. Kwa kumbukumbu, hutajiwa maneno matatu na kuombwa ayarudie baadaye. Kwa lishe, ulizeni kama hamu ya kula imepotea, au kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 bila kukusudia; pasipo mizani, nguo zinazompwaya ni ishara tosha ya kumpeleka. Masikio yaangaliwe ndani, kwani wapo wanaoitwa viziwi kumbe ni nta imeziba. Macho yenye ukungu huenda yana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Mwisho aulizwe, kwa upole na faraghani, kama wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au amekosa raha katika mambo aliyoyapenda.

Mfuko wa dawa

Hapa ndipo madhara mengi yanapojificha. Chukulieni mzee mwenye presha anayetumia amlodipini. Dawa hiyo inaweza kuvimbisha miguu. Tabibu mwingine akiuona uvimbe bila kujua chanzo, humwongezea dawa ya kukojoza. Sasa mzee anaamka usiku mara kwa mara kwenda chooni, gizani, presha ikishuka kila asimamapo, hadi siku anaanguka na kuvunjika nyonga. Akinunua na diklofenaki ya magoti duka la dawa na kuinywa kila siku, presha inapanda na figo zinaumia.

Kwa hiyo mkienda kituoni bebeni dawa zote: za hospitali, za dukani, za jirani na hata za miti shamba. Msizifiche. Ombeni presha ipimwe mzee akiwa amelala au ameketi, kisha akisimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake ziangaliwe upya. Msimkatishe dawa wenyewe nyumbani.

Mwacheni aseme mwenyewe

Mwana au mjukuu anayemsindikiza asimjibie kila swali. Tabibu amwamkie, aketi usawa wa uso wake, aongee taratibu, kisha amuulize ni nini angependa aweze kukifanya tena: kwenda msikitini au kanisani, kulima bustani, kuoga bila kusaidiwa. Matibabu yapangwe kuanzia hapo. Anayemuuguza naye aulizwe hali yake, maana mara nyingi ni mama mtu mzima mwenye presha ya kwake.

Kama mzee wenu hajapimwa mambo haya sita mwaka huu, mpelekeni zahanati ya karibu, na mfuko wake wa dawa mkononi.