Ubao Usiopitisha Umeme

Katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, ardhini mna madini meusi, laini, yachafuayo vidole mtu akiyashika. Madini hayo ni kinywe, nayo yajulikana sana mahali paitwapo Nachu na Chilalo. Kiini cha penseli hufanywa kwa kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Tena katika misitu ya Ruangwa, na ya jirani yake Nachingwea, huota mpingo, mti ambao kiini chake ni cheusi, na kizito hata huzama majini. Kinywe ni cheusi, na mpingo ni mweusi. Lakini tabia zao mbele ya umeme hazifanani hata kidogo.

Mtu akichukua betri za tochi, taa ndogo na vipande vya waya, aweza kuona tofauti hiyo. Akiunganisha kwa kipande kifupi cha kiini cha penseli laini, taa huwaka, ingawa kwa unyonge. Akiondoa kiini hicho na kuweka kipande cha mpingo mkavu, taa haiwaki. Kinywe huacha umeme upite, kwa hiyo huitwa kipitishi. Mpingo mkavu huuzuia, kwa hiyo huitwa kihami. Fundi wa vyombo vya umeme hana budi kuvijua vyote viwili, kwa maana kazi yake yote ni kuupa umeme njia moja na kuunyima njia nyingine.

Kazi mojawapo iliyo ngumu katika jambo hili ni kutengeneza kikuza sauti cha gitaa kitumiacho valvu. Gitaa la umeme likipigwa peke yake, sauti yake haifiki mbali. Kikuza sauti huipokea sauti hiyo ndogo, huiongeza nguvu, kisha huipeleka katika spika. Katika miaka ya 1960, zamani za sifa za bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, vikuza sauti vingi duniani vilikuwa vya valvu. Baadaye transista zilichukua mahali pake katika vyombo vingi, lakini wapigaji wengi wa gitaa hata leo huipenda sauti ya valvu, na mafundi wangali wakivitengeneza.

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha chuma kipatacho moto, bamba la chuma, na kati yao wavu mwembamba wa waya. Vipande hivyo hushikwa visigusane kwa visahani vyembamba vya ulanga, jiwe ling'aalo ambalo hubanduka tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu. Ulanga ni kihami kizuri sana, wala hauogopi moto. Katika milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, ulichimbwa tangu zamani za utawala wa Wajerumani.

Nje ya valvu kuna vyombo vingine vidogo vingi, yaani rezista na kapasita. Hivyo havikai hewani. Hupangwa juu ya ubao mmoja wenye vijiti vidogo vya shaba, na kila kiungo hulehemiwa katika kijiti chake. Mtu atazamapo kikuza sauti huziona valvu ziking'aa, hana habari na ubao. Lakini kijiti kimoja huwa na volti 300 au zaidi, na kijiti cha jirani, umbali wa kidole kimoja, huwa na volti 1 au 2 tu. Kinachowatenga majirani hao ni ubao peke yake.

Je, ubao huo ufanywe kwa kitu gani? Mtu wa Nachingwea aweza kufikiri kwanza juu ya mti, maana mafundi seremala wapo na mbao nzuri zipo. Mti mkavu huzuia umeme, ni kweli. Lakini mti hunywa maji. Kuanzia Desemba hata Aprili mvua hunyesha, hewa hujaa unyevu, milango huvimba na kugoma kufunga. Unyevu huohuo huingia katika ubao wa kikuza sauti. Mpingo hunywa maji polepole kuliko miti mingi, lakini nao hunywa, tena ni mgumu kutoboa na hupasuka. Mpingo una heshima yake katika zumari na klarineti. Huko ndiko mahali pake.

Maji hufuata mkondo, na umeme nao hufuata njia yoyote ipatikanayo, hata iliyo nyembamba. Na tuchukue hesabu. Kijiti chenye volti 300 kipo karibu na kijiti cha wavu wa valvu. Unyevu katika ubao umefanya njia kati yao yenye uzuio wa omu milioni 99. Kutoka wavuni hata ardhini kuna rezista ya omu milioni 1. Jumla ni omu milioni 100. Basi wavu hupata sehemu moja katika mia ya volti 300, ndiyo volti 3. Mtu atasema, volti 3 ni kitu gani? Lakini wavu huo ulipangiwa kazi ya volti 1 au 2. Volti 3 zikiingia bila kualikwa, valvu hupotewa na kipimo chake, sauti huharibika, nayo spika hukwaruza. Fundi asiyejua sababu hubadili valvu, hubadili kapasita, humaliza fedha za mwenye mali, na kosa limo ubaoni.

Vipo vihami vilivyofanywa na watu. Cha kwanza ni karatasi ngumu iliyoshindiliwa, ambayo hutiwa nta ili isinywe maji. Kampuni ya Fender ya California ilitumia mbao nyeusi za namna hiyo katika vikuza sauti vyake vya miaka ya 1950 na 1960, na vingi vingali vikilia hata leo. Lakini nta huchakaa, na ubao uliozeeka mahali penye unyevu huweza kupitisha umeme kidogo kidogo.

Cha pili ni bakelaiti. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent katika nchi ya Ubelgiji, aliyekuwa akikaa Marekani, aligundua namna ya kuchanganya dawa mbili chini ya joto na mgandamizo, zikawa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Karatasi ikilowekwa katika dawa hiyo na kushindiliwa huwa ubao wa rangi ya kahawia, mwepesi kukata na kutoboa. Ni bora kuliko karatasi yenye nta, lakini kingo zake zilizokatwa hunywa maji kidogo.

Cha tatu ni ubao wa nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa na kushikwa kwa gundi ya epoksi. Aina yake moja iitwayo FR-4 imo katika simu na redio nyingi za siku hizi. Hunywa maji kidogo mno, hustahimili joto, wala haupindi. Kwa kikuza sauti cha valvu, ubao wa namna hii wenye unene wa milimita 3 ni chaguo jema, hasa katika nchi yenye masika. Hata hivyo una madhara yake: vumbi lake ni la kioo, na likivutwa puani hudhuru mapafu. Aukataye hana budi kufunika pua na mdomo, na kuulowesha ubao kwa maji asipeperushe vumbi.

Plastiki ya beseni lililovunjika haifai. Huzuia umeme, lakini chuma cha kulehemu kina joto la nyuzi 350 hivi, nayo plastiki huyeyuka mara, na vijiti hulegea.

Tena fundi aliyechagua vema aweza kuiharibu kazi yake kwa mstari mmoja. Akichora kwa penseli kutoka kijiti hata kijiti ili apate alama ya kutoboa, ameweka kinywe juu ya kihami, yaani ameujengea umeme barabara. Alama na ichorwe kwa ncha ya msumari, na ubao ufutwe uwe safi.

Haifai kuamini maneno ya muuzaji wala rangi ya ubao. Ubao mweusi waweza kuwa mweusi kwa masizi, na masizi ni ndugu ya kinywe. Njia ya hakika ni kupima. Kipande kidogo kipimwe uzito katika mizani, kilowekwe majini usiku kucha, kifutwe, kipimwe tena. Kilichoongezeka uzito kimekunywa maji, na kilichokunywa sana kisitumiwe. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Mashine zililetwa na misitu ikafyekwa kabla udongo na mvua kupimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na fedha nyingi mno zilikuwa zimepotea. Kupima kabla ya kujenga ni gharama ndogo. Kupima baada ya kujenga ni majuto.

Mwisho, kuna jambo lililo kubwa kuliko sauti nzuri. Volti 300 huweza kuua. Tena kapasita za kikuza sauti huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kama mtungi uhifadhivyo maji baada ya mvua kukatika. Kwa hiyo mwanafunzi asifungue kamwe chombo hicho pasipo fundi anayejua kuzimwaga nguvu hizo kwanza. Ubao mbovu ukipeleka umeme katika sanduku la chuma lisilounganishwa na ardhi, mpigaji aliyeshika nyuzi za gitaa huwa ndiye njia. Fundi achaguapo ubao huchagua pia usalama wa mtu asiyemjua, atakayesimama jukwaani siku nyingine, mbali na karakana yake. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI

1. Kinywe na mpingo mkavu hutofautianaje mbele ya umeme?
2. Kwa nini ubao wa mti haufai katika majira ya mvua?
3. Kama njia ya unyevu ni omu milioni 49, na rezista ya wavu ni omu milioni 1, wavu utapata volti ngapi kutoka volti 300?
4. Kwa nini fundi asichore kwa penseli juu ya ubao?
5. Pima vipande vitatu vya vitu mbalimbali kabla na baada ya kuloweka, kisha andika kipi kimekunywa maji mengi.