FUNZO LA NYUMBANI: KIJANA ANAYENGOJA JIBU



Sisi tuliomaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatukuzunguka kuomba kazi. Wizara ilitupangia shule, nasi tukafunga mizigo. Ndiyo maana ni rahisi kwetu kumdhania uvivu kijana aliyekosa nafasi.

Siku hizi mambo ni mengine. Mwanafunzi wa chuo kikuu mara nyingi hujitafutia mwenyewe ofisi ya kumpokea kwa mafunzo ya vitendo. Akihitimu, huomba tena nafasi ya utarajali, yaani mafunzo kazini, ambayo Serikali ya Tanzania iliyatolea mwongozo mwaka 2017. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na wengi hawajibiwi kabisa.

Kukataliwa huumiza, kutojibiwa huumiza zaidi. Aliyekataliwa huhuzunika, kisha hujaribu pengine. Asiyejibiwa hujiuliza kila siku amekosa nini, na mwisho hujiona hafai.

Mimi nilimkosea mwanangu wa mwisho. Kila jioni nilimwuliza, “Umepata?” Baada ya majuma machache akaacha kula nasi, akisema ameshiba. Mama yake akanionya: “Mwalimu, humwulizi hali, unampa alama.” Nilimwomba radhi. Sasa barua zake tunazisoma pamoja.

Basi tukumbuke:
1. Tusimpime kijana kwa jibu la ofisi.
2. Tumwulize ameshindaje kabla ya kumwuliza amepata nini.
3. Wenye ofisi miongoni mwetu wamjibu kila mwombaji, hata kama jibu ni hapana.

Swali: Nyumbani kwako nani anangoja jibu, nawe umemwambia nini?