Kodiani: Tuchague "Do" Ipi?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Lakini, ndugu msomaji, ukienda kununua kodiani ya vitufe, methali hiyo haikufai hata kidogo. Usipochagua, utabaki na chombo ghali ambacho wenzako hawawezi kuimba nacho.

Kodiani ni kile kinanda cha mkono chenye mvukuto. Wengi wetu tumekiona katika ngoma ya mwomboko ya Wakikuyu, kikiandamana na karing'aring'a. Kodiani ya safu moja aghalabu huwa na vitufe 10. Kila kitufe kina sauti mbili. Ukisukuma mvukuto wapata do, mi na so. Ukivuta wapata re, fa, la na ti.

Sasa tega sikio. Do hiyo hufungwa kiwandani. Kodiani ya C ina sauti za vibao vyeupe vya piano peke yake. Wimbo wa D unahitaji vibao viwili vyeusi, navyo havimo! Mpiga gitaa atabana shingo ya gitaa kwa kapo, lakini wewe utafanyaje? Basi pima mambo matatu kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, koo za waimbaji. Imbeni wimbo mmoja mara tatu kando ya piano: kwa do ya C, kisha D, halafu G. Mahali ambapo hakuna anayepiga kelele wala kunguruma, hapo ndipo penu.

Pili, wenzako wa kupiga nao. Huko Louisiana, Marekani, Wacajun hupenda kodiani ya C, na wapiga fidla wengi hulegeza nyuzi zao ili waandamane nayo. Uingereza, wachezeshaji wa ngoma za kienyeji hupenda safu mbili, D na G, maana nyimbo zao nyingi ni za do hizo. Ireland wengi hutumia B na C. Safu hizo zikiunganishwa hutoa sauti zote 12, ila vidole hutoka jasho.

Tatu, mkono wa kushoto. Vitufe vya besi navyo hufuata do za safu zako. Hata ukibahatisha wimbo wa do nyingine kwa mkono wa kulia, besi itakusaliti.

Kwa maoni yangu, kikundi cha shule kinachoweza kumudu safu mbili kichukue G na C, kwani kitapata do mbili badala ya moja. Kama pesa zatosha safu moja tu, koo za waimbaji ziamue, si rangi ya kinanda.

Zoezi: Chagua wimbo mmoja wa kwaya yetu. Tafuta do yake kwenye piano, kisha orodhesha vibao vyeusi unavyohitaji. Je, kodiani ya C ingeuweza?