Kiingereza Nacho Kiliazima

Siku moja katika darasa letu la kisomo mama mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, watoto wetu wanatucheka. Wanasema Kiswahili ni lugha ya kuokoteza. Meza tumeitoa kwa Wareno, sukari kwa Waarabu, shati kwa Waingereza. Je, Kiingereza chenyewe hakikuazima kwa mtu?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Leo najibu. Kiliazima, tena sana.

Tuanze na ng'ombe. Akiwa zizini, Mwingereza humwita "cow". Tamka kau. Lakini akishachinjwa na nyama ikafika mezani, jina linabadilika. Nyama ile ni "beef", tamka bifu. Kondoo naye akiwa malishoni ni "sheep", tamka shipu. Nyama yake ni "mutton", tamka matoni. Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, nyama ya kondoo, basi. Kwa nini wao wana majina mawili?

Sababu ni vita. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake. Tarehe 14 Oktoba alipigana na Waingereza karibu na Hastings. Mfalme wao, Harold, aliuawa. William akatawala. Yeye na wakubwa wake walisema Kifaransa. Walichukua ardhi, na wenyeji wakabaki kulima na kuchunga. Mchungaji aliendelea kumwita mnyama kwa jina la kwao. Mkubwa aliyeletewa nyama aliiita kwa jina la kwake. Bifu na matoni yalitoka katika Kifaransa. Maneno haya hayakugawana kazi kwa siku moja. Yalichanganyika kwa miaka mingi. Lakini hata leo ukiyatazama unajua nani alichunga na nani alikula.

Kortini ilikuwa vibaya zaidi. Mkulima anashtakiwa, anasikia mambo yake yanasemwa kwa Kifaransa, na yeye haelewi. Mwaka 1362 ndipo ilipotungwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza. Na sheria hiyo yenyewe, jamani, iliandikwa kwa Kifaransa! Maneno "judge" na "court" yalitoka huko huko. Sisi tukayapokea kwa Waingereza, tukasema jaji na korti. Tusiwacheke sana lakini. Hapa Tanzania ni sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Na sukari je? Neno hili lilianzia Uhindi, likapita kwa Waajemi, likafika kwa Waarabu. Waarabu wakatuletea sisi wa pwani. Kwa njia nyingine likaenda Ulaya, na Waingereza wakapata "sugar", tamka shuga. Kwa hiyo sukari si mtoto wa shuga. Ni ndugu wa tumbo moja.

Tena wametuazima hata sisi. Neno safari tulilipata kwa Kiarabu, na Waingereza wakalichukua kwetu katika karne ya 19. Ila kwao safari ni kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Ukienda kwa shangazi yako hujasafiri!

Neno la mwisho ni "school". Zanzibar wanasema skuli, kutoka kwa Waingereza. Bara tunasema shule, kutoka kwa Wajerumani. Yote mawili asili yake ni Ugiriki ya kale. Huko maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi ya mtu kupumzika kazi. Watu waliitumia nafasi hiyo kuzungumza na kufundishana, mwisho hata mahali pa kufundishia pakaitwa hivyo.

Juzi nilimweleza yule mama. Akacheka. "Kumbe sisi tunaokuja hapa jioni tukishaweka jembe chini ndio wenye skuli hasa!"

Zoezi: Andika maneno haya katika daftari lako: gari, leso, baiskeli, kitabu. Moja ni la Wareno, moja la Waarabu, moja la Wahindi, moja la Waingereza. Lipi ni la nani? Majibu toleo lijalo.